Kamba ya Bibi ya Kuhesabia Ndizi

Mama yangu alitoka Bukoba mjini na cherehani kichwani. Vita vya Kagera, vile vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, vikitajwa, hicho ndicho kinachonijia kwanza, kabla ya ndege na kabla ya mizinga. Ilikuwa Singer ya mkono, nyeusi, yenye maua ya dhahabu yaliyoanza kufutika. Aliifunga kwa kanga mbili, akasokota ngata nene, akamwomba jirani amtwike. Mgongoni alikuwa na mdogo wetu wa mwisho. Mimi, mtoto wake mkubwa, nilipewa sufuria, kilo mbili za chumvi, na kazi ya kuhakikisha watoto wengine watano hawapotei njiani.

Ilikuwa Jumanne, Oktoba 31, 1978. Nilikuwa na miaka 11.

Kila inapofika Julai 25, Siku ya Mashujaa, Kaboya hutajwa, pale kwetu Muleba walipozikwa askari wetu. Ni haki yao, na mimi nikipita barabara ile siwezi kupita bila kuwaombea. Lakini yupo mtu mwingine wa vita ile ambaye sijawahi kumsikia akitajwa popote, naye ni mwenyeji. Yule aliyekuwa kijijini amekaa kwake, mara mlango ukafunguliwa, familia nzima ya mjini ikaingia na mizigo. Wa kwetu alikuwa bibi mzaa baba, mjane, Kamachumu. Leo naandika habari zake.

Mkoa wetu wakati huo ulikuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi. Katikati ya Oktoba ndege za Amin zilikuja zikatupa mabomu Bukoba. Hasara haikuwa kubwa, lakini kishindo kilipasua vioo vya madirisha na watu wakapagawa. Nakumbuka mama akifagia vioo huku mikono inamtetemeka, na baba akisimama mlangoni kutazama juu, upande wa kisiwa cha Musira, kana kwamba ndege ingetokea tena mle mle. Wiki iliyofuata mtaani kwetu watu walichimba mahandaki nyuma ya nyumba. Usiku taa zote zilizimwa. Watoto tulifundishwa kulala kifudifudi na kuziba masikio.

Bado hatukuondoka. Baba alikuwa karani kwenye mambo ya kahawa, tena mgambo, na alisema mtu hahami kwa sababu ya kelele. Tulichoshindwa kustahimili ni watu. Jumatatu Oktoba 30 majeshi ya Amin yalivuka mpaka, yakaichukua ardhi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera. Kesho yake wakaanza kutufikia watu wa Kyaka na wa ng'ambo ya mto, wengine wametembea usiku kucha, mbuzi mmoja kwa kamba, mkeka, mtoto amevaa shati bila suruali. Mwanamke mmoja aliomba maji nyumbani kwetu akanywa vikombe vinne mfululizo bila kusema neno. Alipoondoka baba alimtazama mama, akasema, "Nendeni kwa mama." Baada ya hapo akaingia ndani kutafuta kamba.

Sasa lazima niseme jambo la kifamilia ili mengine yaeleweke. Mama alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, Mwislamu, aliyezaliwa na kukulia mjini. Bibi alikuwa Mhaya, Mlutheri wa kuimba kwaya, aliyekuwa amemchagulia mwanawe mchumba wa kijiji cha jirani. Miaka 12 ya ndoa walikuwa wameonana mara tatu. Isitoshe, mama hakujua Kihaya na bibi hakujua Kiswahili zaidi ya "karibu" na "bei gani." Kati ya watu wote waliokuwa wanakwenda kukaa nyumba ile, mwenye umri wa kutumwa na mwenye lugha zote mbili nilikuwa mimi.

Nasikia watu wakisema "serikali iliwahamisha watu wa Bukoba." Sisi hakuna aliyetuhamisha. Hatukupewa gari wala karatasi wala mahali pa kwenda. Kila mtu aliyekuwa na mama, shangazi au mjomba kijijini alielekea huko. Tulipanda lori la mtu hadi Kemondo, tukatembea hadi Muhutwe, tukalala barazani kwa watu tusiowajua, na asubuhi tukaupanda mlima wa kwenda Kamachumu. Mama hakuitua cherehani yake isipokuwa pale tulipolala. Binamu zangu watatu, watoto wa baba mdogo, walikuwa nasi bila mama yao kwa sababu yeye alikuwa mkunga na wakunga hawakuruhusiwa kuacha kazi.

Bibi alikuwa anaanika nyasi za kutandika ndani. Alituona tunatokea kwenye migomba, mmoja mmoja. Nilimwona anahesabu kwa midomo. Aliponyamaza alisema, "Tata yenu yuko hai?" Nikasema baba yuko hai. Akasema basi ingieni.

Mama alimpa ile chumvi. Bibi aliipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama mtu anayepokea kitu kanisani, kwa maana chumvi ilikuwa imeadimika. Nadhani huo ndio ulikuwa mwanzo mwema wa pekee waliokuwa nao.

Nyumba ilikuwa na watu wawili, bibi na kijana mmoja wa kumsaidia. Usiku ule ilikuwa na watu kumi.

Alhamisi, Novemba 2, jirani mmoja alileta redio. Betri zilikuwa zimeanikwa juani mchana kutwa ili zipate nguvu ya jioni moja. Uani palijaa. Mwalimu Nyerere alizungumza. Wa rika langu wote tunayakumbuka maneno yale, lakini mimi nayakumbuka kwa lugha mbili, kwa sababu nilikuwa nimeketi miguuni pa bibi nikimgeuzia kila sentensi. "Uwezo wa kumpiga tunao. Sababu ya kumpiga tunayo. Na nia ya kumpiga tunayo." Wanaume walisimama. Mmoja alikuwa anatokwa na machozi na hakujificha. Bibi alinigusa bega, akasema kwa Kihaya, polepole ili nisikosee: "Muulize mama yako, kumpiga huko kutachukua siku ngapi?"

Niliuliza. Mama akasema, "Mwambie mimi sijui. Labda hata Mwalimu hajui."

Asubuhi nilipoamka bibi alikuwa kwenye kibanja, shamba lake la migomba. Anapita mgomba hadi mgomba, anashika mkungu, anaubonyeza kidole kwa kidole. Kiunoni alikuwa amefunga kamba mpya ya gome la mgomba. Alipoukata mkungu wa kwanza wa siku hiyo, akapiga fundo moja kwenye kamba.

Kwa asiyeujua ukulima wa migomba, nieleze kidogo. Mkungu haukatwi unapotaka, hukatwa unapokomaa, na kibanja kizuri hupangiliwa ili kila wiki uwepo unaokomaa. Nyumba ya watu wawili ilihitaji mkungu mmoja kwa siku kadhaa. Watu kumi tulimaliza mkungu mzima kwa siku moja na ushee. Maana yake alianza kukata ya wiki ijayo, na baada ya hapo ya mwezi ujao. Ndizi ambayo haijakomaa ukiimenya hutoa utomvu mwingi unaoshika vidole na kisu, na hata uipike vipi hubaki ngumu katikati. Mwishoni mwa Novemba tulikuwa tunakula hizo. Na kila mkungu unaokatwa kabla ya wakati wake huacha pengo litakaloonekana mbele, wakati wageni wameshasahau kwamba walikula.

Baba alikuja Jumamosi ya kwanza kwa baiskeli, amelowa tope hadi kifuani. Alileta habari kwamba daraja la Kyaka limevunjwa, wamelilipua wenyewe watu wa Amin. Bibi alifurahi, kwa kuwa daraja likivunjika adui havuki. Baba alisema ndiyo, lakini na watu wetu waliobaki ng'ambo nao hawavuki. Wote wakanyamaza. Alilala usiku mmoja akarudi. Hakula asubuhi, alisema hana njaa.

Nimesema nilikuwa mkalimani. Kazi hiyo mtoto hupewa bila kuulizwa, na huibeba kama anavyobeba maji, anamwaga njiani na hajui kama amemwaga. Mama alikuwa anaiona kamba ile kila siku ikirefuka mafundo. Siku moja jikoni aliniambia, "Muulize mama mkwe, ile kamba ni ya nini." Bibi alinijibu kwa Kihaya kwamba anahesabu mikungu iliyokatwa. Mimi nikamgeukia mama nikasema, "Anatuhesabia."

Mnaijua tofauti. "Anahesabu" ni kazi ya mtu na migomba yake. "Anatuhesabia" ni deni. Sikukusudia. Lilikuwa neno lililokuja mdomoni. Mama aliinama akaendelea kumenya, na niliona kisu kinakwenda ovyo, kinakata nyama ya ndizi pamoja na ganda. Usiku nilimsikia analia kwa sauti ya kujizuia, ile inayotoka puani. Asubuhi yake alifungua kanga mbili, akaifuta cherehani, akajitwika akaenda nayo gulioni, akakaa chini ya mti, akaanza kuwashonea watu.

Vitambaa havikuwepo madukani, kwa hiyo kazi yake ilikuwa kugeuza. Alifumua kola ya shati iliyochakaa akaipindua upande wa ndani uje nje. Alikata gauni la mama likawa la binti. Malipo yalikuwa maharage kwenye kibakuli, magimbi, siku nyingine mayai matatu. Alikuwa na sindano tatu tu za mashine na alizilinda kuliko fedha. Ya kwanza ilipovunjika alikaa nayo mkononi muda mrefu. Alichopata alikileta jikoni akakiweka mbele ya bibi bila neno. Na bibi alikipokea bila neno, kwa sababu aliona ni kiburi. Aliniambia, "Mama yako anataka kunilipa. Mimi ni muuza chakula?" Hilo sikulitafsiri. Nilikuwa nimeshaanza kuogopa maneno.

Bibi alimwita mama "omugenyi," yaani mgeni. Mwambie omugenyi maji yamechemka. Mwambie omugenyi aje ale. Mtu anaweza kukaa miezi miwili katika nyumba ya mkwewe akaitwa mgeni kila siku, kwa heshima zote.

Kuhusu funza nitasema machache. Watoto wa mjini hatukujua. Wiki ya pili vidole vyetu vyote vilikuwa vinawasha, na bibi alituketisha mstari mmoja juani akawa anachokonoa kwa pini, mguu wa kila mtoto juu ya paja lake. Alikuwa anatoa kifuko cheupe kizima bila kukipasua, kisha anapaka tone la mafuta ya taa. Watoto saba, kila jioni. Wadogo walilia na aliwaimbia nyimbo za kanisani.

Senene ndio waliotuokoa, kwa njia nyingi. Watu wa Kagera hawahitaji kuelezwa, lakini wengine wajue kwamba Novemba, mvua zikishika, wadudu hawa huja kwa wingi usioelezeka, na alfajiri nyasi zikiwa bado na umande hawawezi kuruka vizuri. Mwaka ule walikuja. Vita au si vita, walikuja. Bibi alituamsha gizani, tukashuka bondeni sote na vikapu, na kijiji kizima kilikuwa kule, watu wanainama na kuinuka kimya kimya. Ukimshika huteleza, anakuchoma kidogo kwa miguu ya nyuma. Wa kijani na wa kahawia. Tulirudi jua linachomoza na vikapu viwili vimejaa vinatetemeka.

Kazi kubwa ni kunyonyoa. Kila senene anatolewa mabawa na miguu, mmoja mmoja. Bibi aliketi kwenye nyasi za ndani na kikapu mbele yake. Kwa mila za zamani wanawake hawakuwa wanakula senene, na yeye alikuwa mtu wa zamani. Aliwashika, aliwanyonyoa, aliwakaanga, hakuwala. Mama aliingia, akamtazama. Tabora wana kumbikumbi wao, kwa hiyo hakushtuka kama bibi alivyotarajia. Alikaa upande wa pili wa kikapu. Alijaribu mmoja akampasua. Bibi alinyoosha mkono, akachukua kidole gumba cha mama akakiweka mahali pake, chini ya bawa, akavuta pamoja naye. Bawa likatoka safi. Wakafanya wa pili. Wa tatu mama alifanya mwenyewe.

Nilikuwa mlangoni nikingoja kuitwa nitafsiri. Walimaliza kikapu kizima na hawakuniita.

Kikaangoni hawahitaji mafuta, wanatoa yao. Chumvi kidogo tu, ile ile ya mama.

Balozi wa nyumba kumi alikuja kutuandika, majina na tulikotoka, kwa kuwa wageni wote walitakiwa kujulikana. Alirudi baadaye kuomba mchango wa askari. Nchi nzima ilikuwa inachanga, ng'ombe, nafaka, fedha, malori ya watu binafsi na mabasi yamechukuliwa kupeleka jeshi na mgambo mpakani. Bibi alikuwa na watu kumi na kibanja kinachopukutika. Alikwenda akakata mkungu uliokomaa vizuri kuliko yote, ambao alikuwa ameuwekea alama. Fundo la mkungu ule alilipiga mahali pa peke yake, mwisho wa kamba.

Baadaye sana, nikiwa mtu mzima, nilisoma jinsi Waingereza walivyohamisha watoto wao kutoka London na miji mingine mwaka 1939. Kwa siku tatu za mwanzo wa Septemba watu karibu milioni 1.5 walipelekwa mashambani kwa treni na mabasi, watoto wengi wakiwa wamefungwa vipande vya karatasi vyenye majina yao. Habari za wenyeji waliowapokea nilizisoma kwa hamu kuliko kitu kingine chochote. Mwenyeji aliyechukua mtoto mmoja alilipwa na serikali shilingi 10 na peni 6 kwa wiki, na akichukua zaidi ya mmoja alilipwa shilingi 8 na peni 6 kwa kila mtoto. Nilikaa na kitabu mapajani nikapiga hesabu ya watoto saba kwa wiki 11. Si kwamba bibi angezichukua. Angesema tena, mimi ni muuza chakula? Lakini kule angalau kuna mtu aliyeketi ofisini akajua kwamba kupokea watu ni gharama, akaiandika.

Katikati ya Novemba alifika mwanamke kutoka upande wa Bunazi na mtoto mchanga. Hakuwa ndugu yetu. Alikuwa amepita nyumba kadhaa. Tukawa kumi na wawili. Kwake ndiko nilikosikia yaliyotokea kule ng'ambo, kwa vipande, anapoosha vyombo, anaponyonyesha. Ng'ombe wote walichukuliwa. Mabati yaling'olewa juu ya nyumba huku watu wamo ndani. Mumewe alikwenda kutazama mbuzi. Inakadiriwa raia wapatao 1,500 waliuawa katika eneo lile na makumi ya maelfu walikimbilia kusini, na nikiziona takwimu hizo namwona yeye, anasugua sufuria kwa majivu, anasimama katikati ya sentensi.

Desemba, asubuhi moja, bibi aliniambia, "Tugende." Alikuwa ameivua ile kamba kiunoni, ameishika mkononi. Tulikwenda kwa majirani watatu. Kila nyumba alikaa, akapewa kahawa ya kutafuna, akaulizwa habari za wageni, kisha akainyoosha kamba juu ya mkeka. Aliwaonyesha. Hapa ndipo walipofika. Mafundo haya ni wiki ya kwanza, haya ya pili. Jumla 31. Iliyobaki kwangu ni minne, itanifikisha Jumapili. Kuanzia Jumatatu nitahitaji mkungu kwako siku hii na siku hii, na kwako siku ile. Nitarudisha mikungu hiyo migomba yangu ikizaa. Walikubali wote. Mmoja alisema angekuja mwenyewe kama bibi angechelewa, maana aliona moshi wa jikoni kwake hauzimi.

Njiani kurudi miguu yangu ilikuwa mizito. Kumbe kamba haikuwa deni letu. Ilikuwa njia ya kujua ni siku gani itabidi aombe, ili asije akaomba watoto wakiwa tayari wamelala njaa. Nilimkuta mama gulioni chini ya mti. Nikamwambia, "Mama, nilikosea. Hakusema anatuhesabia. Alisema anahesabu mikungu." Nikamweleza yote. Gurudumu la cherehani lilisimama. Mama alibaki ameshika kitambaa pande zote mbili za sindano. Kisha aliikunja kazi ya watu ikiwa nusu, akanitwika mimi kitambaa na kujitwika mashine.

Jioni ile alimwomba bibi kwa ishara asimame. Akampima mabega, mikono, urefu, kwa ile kamba ya mafundo, kwani futi yake ya kushonea aliisahau gulioni. Bibi alisimama wima kama askari. Gauni lilitoka kwenye kanga moja kati ya zile mbili na kitambaa cha ndani cha koti la baba. Alilivaa Krismasi.

Jeshi letu lilikuwa limeshawarudisha adui ng'ambo ya mpaka. Yule mama wa Bunazi aliondoka mara baada ya mwaka mpya. Maharage ya bibi tulikuwa tumeyala mengi yakiwa mabichi, na yaliyosalia kukauka hayakujaa debe. Aliyagawa nusu kwa nusu, akamfungia mwanamke yule nusu yake kwenye jani la mgomba, ya mbegu. Sisi tuliondoka katikati ya Januari 1979, shule zilipofunguliwa. Wiki iliyofuata askari wetu waliingia Mutukula, mpakani upande wa Uganda. Na Aprili 11 Kampala ilianguka, watu wakaimba barabarani Bukoba, na mimi niliimba.

Mei ya mwaka ule mvua zilikuwa nyingi na kahawa bado haijaiva. Madukani hapakuwa na sabuni wala sukari, tulipanga foleni tangu alfajiri na tulichopata mara nyingi kilikuwa unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano. Kamachumu lile pengo lilikuwa limefika. Mikungu mingi tulikuwa tumeila ikiwa michanga, na mingine bibi alikuwa anawarudishia majirani kama alivyoahidi.

Nilikuwa naosha vyombo nje, kwetu Bukoba, nilipomwona bibi anatokea upande wa Rwamishenye, kwa miguu, amevaa lile gauni, na mkeka umeviringishwa kichwani. Kijana wake alimwacha alinde nyumba. Alisimama mbali kidogo na mlango. Hakuingia. Aliniambia kwa Kihaya, kwa sauti ya chini, "Mwambie mama yako, omugenyi amefika."

Niligeuka nimwambie. Mama alikuwa ameshatoka, mikono ina unga hadi kwenye viwiko, anamjibu kwa Kihaya kilichovunjika na anaupokea mkeka.